Kunakili Darizi ya Bayeux: mita 4 za nyota na merikebu (shajara ya kazi, wiki ya 1 hadi ya 31)

Wiki ya 1: tunanakili nini

Darizi ya Bayeux ilishonwa karne ya 11, miaka michache baada ya vita vya Hastings vya 1066, na wataalamu wengi wanaamini ilishonwa Uingereza kwa ajili ya Askofu Odo wa Bayeux, ndugu wa mama mmoja wa William, mtawala wa Normandy aliyeshinda vita hivyo. Iliyobaki ina urefu wa mita 68.38 na kimo cha karibu sentimita 50. Wengi huiita zulia la ukutani, lakini haikufumwa: ni sufu iliyoshonwa kwa sindano juu ya kitani. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu katika kazi hii.

Sisi tunanakili mita 4. Sehemu inaanza kwa kundi la watu wanaoinyooshea vidole nyotamkia, chini ya maneno ya Kilatini ISTI MIRANT STELLA (hawa wanaistaajabia nyota). Inampita Harold, mfalme wa Uingereza, akiwa kwenye kiti chake cha enzi na merikebu tupu pindoni chini yake, inalifuata jahazi la Waingereza likivuka kwenda Normandy, halafu inafika kwa maseremala wanaokata miti na kuunda merikebu za William. Tumeichagua kwa sababu mita hizi 4 zina kila aina ya kazi: herufi, nyuso zisizojazwa, miti yenye matawi yaliyosukwa, wanyama wa pindoni, na mbavu pana za merikebu.

Chanzo chetu ni picha za ubora wa juu ambazo Jumba la Makumbusho la Bayeux liliziweka mtandaoni mwaka 2021. Jumba lenyewe lilifungwa Septemba 2025 kwa ujenzi, kwa hiyo kwenda huko kuangalia kwa macho hakukuwezekana tulipoanza. Tumekubaliana tangu mwanzo kutonakili kutoka kwenye nakala. Akina mama wa Leek, Uingereza, zaidi ya 30 wakiongozwa na Elizabeth Wardle, walikamilisha nakala nzima mwaka 1886, na kazi yao iliyoko Makumbusho ya Reading ni ya kuheshimiwa sana. Lakini picha walizopewa zilikuwa tayari zimefichwa uchi wa baadhi ya wanaume wa pindoni, nao wakashona walichopewa. Anayenakili nakala hurithi uamuzi wa aliyemtangulia bila kujua kwamba ulikuwa uamuzi.

Wiki ya 2 na 3: kitani

Kitani cha asili kina takribani nyuzi 18 hadi 20 kwa sentimita, mtande (nyuzi za urefu) na mshindo (nyuzi za upana). Usiamini maelezo ya muuzaji. Weka rula juu ya kitambaa, tazama kwa kioo cha kukuzia, hesabu sehemu tano tofauti. Sampuli mbili kati ya nne zilikuwa na mtande wa 20 lakini mshindo wa 15. Kitambaa cha namna hiyo hukubali mshono mzuri upande mmoja na kuachia matundu upande mwingine.

Kifue kabla ya kukikata. Kipande cha majaribio cha sm 50 kwa sm 50 kilichofuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60 kilirudi sm 47.5 upande wa mtande. Zaidi ya kurudi, kitani cha dukani huwa na wanga. Ukikishona na wanga wake sindano hulia kila inapopita, na sufu huchanika mapema.

Upana tuliokata ni sm 74: sm 50 za darizi na sm 12 kila upande za kufungia kwenye fremu. Urefu ni vipande viwili vya mita 2.15. Tumeviunga kabla ya kuchora mstari hata mmoja, na sababu iko kwenye darizi yenyewe. Asili imeungwa kutoka vipande 9. Kwenye kiungo cha kwanza mistari ya pindo la juu haikutani: mikono miwili ilishona vipande viwili mbalimbali, na vilipoletwa pamoja vilipishana kimo. Baada ya hapo mafundi walijifunza. Viungo vilivyofuata vimepitiwa juu na darizi kwa ustadi hata kwa muda mrefu vilihesabiwa vipande 8, na cha 9 kilionekana kitambaa kilipochunguzwa miaka ya 1982 na 1983.

Kiungo chetu: mshono mwembamba wa mkono kwa uzi wa kitani, mishono 7 kwa sentimita, kisha mikunjo ya nyuma ikalazwa pande mbili. Usiilaze yote upande mmoja, maana sindano ya sufu ikikutana na tabaka tatu za kitani hupinda.

Wiki ya 4 hadi ya 9: rangi

Rangi za awali ni 10 hivi, na zote zimetoka kwa mimea mitatu: mizizi ya rubia kwa wekundu, weldi kwa manjano, na wodi kwa buluu. Wodi hutoa nili ileile inayotolewa na mnili wa nchi za joto, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kijani ni buluu na manjano, moja juu ya nyingine.

Hesabu ya sufu tulifanya hivi. Eneo la kujaza katika mita 4 tumelikadiria sentimita za mraba 5,500. Kila sentimita za mraba 100 hula mita 21 (mchanganuo uko kwenye wiki ya 14), yaani karibu mita 1,155. Mistari na herufi tumekadiria mita 150, na mshono wa shina, yaani mshono wa mistari (uko kwenye wiki ya 25), hula mita 3 za uzi kwa kila mita 1 ya mstari, kwa hiyo 450 nyingine. Jumla mita 1,600. Sufu yetu ni ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, mita 6 kwa gramu, basi gramu 270. Tumetia rangi gramu 550. Ziada hiyo si ubadhirifu: pipa la pili halitoi kamwe rangi sawasawa na la kwanza, na ukiishiwa katikati ya ubavu wa merikebu kiungo kitaonekana milele.

Kabla ya rangi, sufu ioshwe mafuta yake. Lowesha vitita usiku kucha katika maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza kwa maji ya joto lilelile. Kuitoa sufu kwenye maji ya moto na kuitumbukiza kwenye baridi huigandisha ikawa kama blanketi. Kitita kisichooshwa vizuri hutoka na mabaka meupe, na mabaka hayo hayaponi.

Kisha shabu, inayoifanya rangi ishike kwenye sufu: gramu 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, imimine, pandisha joto polepole hadi 80, shikilia saa moja, acha ipoe humohumo hadi asubuhi. Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Tone la kutu linatosha kuifanya manjano ya weldi kuwa ya zeituni.

Rubia ndiyo inayohitaji uvumilivu. Gramu 80 za mizizi iliyosagwa kwa gramu 100 za sufu, ilowekwe usiku mzima, halafu ipandishwe hadi nyuzijoto 65 na isivuke hapo. Ukifika 80 rangi za kahawia zilizomo kwenye mzizi hutoka pamoja na nyekundu, na utapata rangi ya tofali lililoungua. Kitita kimoja kilifika huko kwa sababu kipimajoto kilikaa juu juu wakati mizizi ilikuwa imelala chini karibu na moto. Sasa mizizi inawekwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliotundikwa katikati ya maji. Maji yenye chokaa yanasaidia rubia. Kwa maji laini tunaongeza kijiko kidogo cha chaki. Baada ya kitita cha kwanza, maji yaleyale yalitoa rangi ya waridi iliyokolea, na mara ya tatu rangi ya udongo. Rangi tatu kwa mizizi ya mara moja, na zote tatu zina kazi kwenye mita hizi.

Weldi ni nyepesi: uzito sawa wa mmea mkavu na sufu, nyuzijoto 80, chaki kidogo mwishoni, na manjano inawaka.

Wodi haiyeyuki katika maji ya kawaida. Lazima hewa ya oksijeni iondolewe ndani ya pipa lenye magadi. Wapaka rangi wa Zama za Kati waliliacha pipa lichache kwa pumba na rubia kwa siku kadhaa. Sisi tumetumia unga wa wodi, magadi na dithionaiti ya sodiamu (kemikali inayoondoa oksijeni), kwa nyuzijoto 50. Pipa likiwa tayari maji ni ya manjano ya kijani, na juu kuna utando unaong'aa kama shaba. Kitita kilichokwisha loweshwa kinaingizwa taratibu bila mapovu, maana kila povu ni oksijeni. Dakika 5 hadi 10, kinatolewa kikiwa kijani, na kinageuka buluu hewani mbele ya macho. Kitundike dakika 20 kabla ya kukirudisha.

Hapa ndipo tulipopata hasara kubwa zaidi ya mradi hadi leo. Buluu iliyokoza ilifanywa kwa mizamo miwili mirefu katika pipa kali. Ilipendeza sana. Wiki tatu baadaye, kwenye kitambaa cha majaribio, vidole vilikuwa vya buluu na kitani cheupe kando ya mshono kilikuwa na kivuli cha buluu. Nili iliyoingia kwa wingi kwa mara moja hukaa juu ya uzi tu, haishiki ndani. Gramu 90 zimewekwa kando. Buluu mpya imepatikana kwa mizamo 6 mifupi katika pipa dhaifu, kisha kusuuzwa hadi maji yawe meupe, na suuzo la mwisho lina siki kidogo ya kuondoa ukali wa magadi. Jaribio la kupokea kitita sasa ni moja: kisugue mara 20 kwenye kitani kilicholowa. Kikiacha alama hakiingii kazini.

Kwa kijani, buluu inatangulia, kisha shabu, kisha weldi. Ukianza na weldi, magadi ya pipa la wodi yatainyang'anya manjano yake.

Wiki ya 10: kuchora

Picha imechapishwa kwa ukubwa halisi na kuwekwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini, kitani juu yake. Pima uchapishaji kabla ya kuanza: karatasi yetu ya kwanza ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.5, na kwa mita 4 hiyo ni sm 6 nzima.

Tunachora kwa penseli ngumu iliyochongwa mara kwa mara, mkono mwepesi. Kalamu ya buluu inayotoka kwa maji tumeikataa. Inatoka, ndiyo, lakini ikipata joto la pasi au la jua la dirishani haitoki tena.

Herufi zimechorwa jinsi zilivyo. STELLA haina M mwishoni, ingawa sarufi ya Kilatini inaidai, na hatutaiongezea. Mguu mmoja wa kiti cha Harold ukiwa mnene kuliko mwingine, unabaki mnene.

Wiki ya 11 hadi ya 13: fremu na vitambaa vya mtihani

Fremu ni ya kusimama, yenye magogo mawili ya kuviringishia, na dirisha la sm 90 kati yake. Kitani kikipigwa kidole kilie kama ngoma. Mdarizi wa kofia wa Lamu au Zanzibar hukishika kitambaa mkononi na kukizungushia sindano. Hapa mazoea hayo yanageuka. Mkono mmoja unakaa juu, mwingine chini ya fremu, na sindano hupita wima, juu kwenda chini, chini kuja juu. Ukijaribu kuizamisha na kuizua kwa mpigo mmoja, kitani kitalegea pale ulipo.

Kila mtu ameshona kitambaa cha mtihani cha sm 10 kwa sm 10 kabla ya kugusa kazi. Lengo si kumkataa mtu, ni kuujua mkono wake. Wenye mkono mzito wamepewa mistari na herufi, ambako mvuto unasaidia. Wenye mkono mwepesi wamepewa kujaza. Kila ubavu wa merikebu una mshonaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mabadiliko ya mkono yanaonekana kwenye eneo pana kuliko mabadiliko ya rangi.

Wiki ya 14 hadi ya 24: kulaza, fito, vishikizo

Huu ndio moyo wa darizi ya Bayeux. Eneo linajazwa kwa hatua tatu, na majina tunayotumia tumeyachukua kwenye nyumba ya udongo: nyuzi za kulala, fito, vishikizo.

Hatua ya kwanza, nyuzi za kulala. Sindano inatoka ukingo mmoja wa umbo, uzi unavuka hadi ukingo wa pili na kuzama. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, sindano inatoka palepale upande uleule wa pili, nafasi ya uzi mmoja pembeni, na kurudi. Nyuma ya kitambaa kunabaki nukta tu. Mtu aliyezoea kujaza kwa kuzungushia uzi mbele na nyuma hutumia sufu mara mbili na kupata mgongo mzito unaovuta kitani.

Hatua ya pili, fito. Uzi mmoja unavuka juu ya nyuzi zote zilizolala, ukikatiza pembe mraba, kila baada ya milimita 3.

Hatua ya tatu, vishikizo. Mshono mdogo unapita juu ya ufito na kuushikamanisha na kitani, tena kila milimita 3, na vishikizo vya ufito mmoja vikae kati ya vishikizo vya ufito wa jirani, kama matofali.

Kwa eneo la sm 10 kwa sm 10: nyuzi za kulala 100 zenye sm 10 kila mmoja ni mita 10. Fito 33 ni mita 3.3. Vishikizo karibu 1,090, vyenye milimita 5 kila kimoja, ni mita 5 na zaidi. Ongeza asilimia 15 za kuanzia na kumalizia, unapata mita 21 na kitu. Muda ni karibu saa 5 kwa mkono uliozoea, na zaidi ya nusu ya saa hizo ni vishikizo.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa jinsi tulivyoyaona. Ufito uliovutwa sana huuminya ujazo ukawa na kiuno. Ulaze tu, kishikizo ndicho kitakachoukaza. Nyuzi zilizolala zikibanwa mno hupandana na kufanya mgongo. Zikiachana, kitani huchungulia, na kitani kikichungulia katikati ya buluu jicho haliendi pengine. Kitani kilicholegea hufanya mikunjo ambayo haionekani hadi kazi itoke kwenye fremu, kwa hiyo kamba za pembeni zinakazwa kila mwanzo wa kikao. Na urefu wa uzi: sm 45 kwa mstari na vishikizo, maana sufu inayopitishwa kitanini mara nyingi hukonda na rangi yake hupauka. Kwa kulaza unaweza kufika sm 70.

Mwelekeo wa nyuzi za kulala si wa kuchagua. Mbavu za merikebu zina mbao za rangi mbalimbali, kila ubao ukiwa mstari wake, na nyuzi hulala kufuata urefu wa ubao kutoka omo hadi tezi. Ubavu wa kwanza ulishonwa ukiwa umelazwa wima, kwa sababu njia fupi ni rahisi kuikaza. Ulikuwa safi na ulikuwa umekufa: mwanga uliupiga vibaya na merikebu haikwenda popote. Umefumuliwa wote, saa 11 za kazi. Uzi ukifuata ubao, ufito unakuwa kama mbavu za ndani za chombo, na ghafla unaelewa kwamba fundi yule wa karne ya 11 alikuwa ameona merikebu zikiundwa.

Kufumua: kata vishikizo kutoka nyuma, vuta fito, kisha nyuzi za kulala moja moja. Usitumie tena uzi uliofumuliwa. Matundu kwenye kitani yasugue kwa ukucha wakati kitambaa kina unyevu kidogo, nyuzi zinarudi mahali pake.

Wiki ya 25 na 26: mistari

Mshono wa shina tunaushona baada ya kujaza, ufunike ncha za nyuzi zilizolala. Kila mshono ni milimita 5, unaofuata unaanzia nusu ya uliotangulia, na uzi hukaa upande uleule wa sindano mwanzo hadi mwisho. Ukiuhamisha upande katikati, kamba inavunjika na mstari unaonekana kama una kovu. Kwenye kona punguza hadi milimita 2. Wanaotumia mkono wa kushoto waushike uzi upande wa pili, la sivyo mlalo wa mishono yao utakwenda kinyume na wa jirani yao kwenye mstari mmoja.

Nyuso na mikono hazijazwi. Ni kitani kitupu na mstari. Uso mzima una sentimita 3 au 4 tu, pua na nyusi ni uzi mmoja, na kosa la nusu milimita humbadilisha mtu anayeshangaa nyota akawa mtu aliyekasirika. Tumefumua nyuso kuliko kitu kingine chochote.

Merikebu za pindoni chini ya Harold nazo ni mistari mitupu. Kulikuwa na pendekezo la kuzijaza ili zilingane na nyingine. Hapana. Zinabaki tupu.

Wiki ya 27

Kazi iliyokamilika ilipoviringishwa kwenye gogo, fito zililala na vishikizo vikaacha alama kwenye tabaka la juu yake. Sasa kila mzunguko una kipande cha blanketi laini katikati, na tunaviringisha upande wa darizi ukiwa nje.

Wiki ya 28 hadi ya 31: tulipofika

Mita 1.35 zimekamilika, pindo la juu na la chini pamoja. Kikundi cha Denmark kilichonakili darizi nzima kilianza mwaka 2000 na kumaliza 2014, kwa hiyo hatuna sababu ya kukimbizana.

Nyotamkia yenyewe ilimalizika wiki ya 30. Mkia wake una miale inayopanuka, na kosa la kwanza lilikuwa kuinyoosha miale hiyo ilingane. Kwenye asili haina urefu sawa. Mchoro umerekebishwa na miale miwili kushonwa upya.

Kiungo cha vipande viwili kinaingia kwenye dirisha la fremu baada ya sm 80 hivi. Mti wa kwanza wa maseremala unakaribia hapo, na shina lake litajazwa kuvuka kiungo. Kwa sm 2 kila upande tutatumia sindano namba 24, iliyo nyembamba zaidi, badala ya 22, na subana kwa mkono wa chini. Buluu iliyobaki ni gramu 140. Pipa jingine la wodi litawashwa kabla ya ubavu wa merikebu ya tatu, na vitita vipya na vya zamani vitashonwa kwa kupokezana, ubao kwa ubao, ili tofauti ya rangi ikae kwenye mpaka wa mbao na si ndani yake.